Shingo ya Funo

Fundi wa ngozi alikuwa na hasira tangu saa nne asubuhi, na haikuwa hasira ya kupoa kwa glasi ya maji.

Kazi yake katika jumba la makumbusho ilikuwa kuwarudishia umbo wanyama waliokufa: kukausha ngozi, kujaza maranda, kutia macho ya kioo. Miaka kumi na tisa aliifanya kimya kimya katika karakana iliyo nyuma ya pazia la ukumbi. Mgeni akitokea, yeye keshapotelea nyuma ya pazia, ndiyo maana wenzake walimbandika jina la Funo, yule swala mdogo wa vichakani asiyependa kuonekana. Hakuchukia. Jina lilimkaa.

Safari hii alipewa kumjaza funo mwenyewe. Alikuwa na mwiko wake: hajazi ngozi ya mnyama wa aina ambayo hajaiona ikiwa hai. Basi alikwenda msituni kila asubuhi kwa siku kumi na moja, akalala kifudifudi kwenye umande mpaka kiuno kikamgomea, ili aone kitu kimoja tu. Funo akishtuka huganda, kisha hujitosa kichakani, kichwa chini, kama mtoto anayerukia mto. Wageni wa zamani kutoka Ulaya walimpa kwa lugha yao jina lenye maana ya mpiga mbizi, na kwa hilo hawakukosea. Hivyo ndivyo fundi alivyomuunda: miguu ya nyuma hewani, pua ndani ya majani.

Siku ya ufunguzi wa maonyesho, saa nne asubuhi, mkuu wa makumbusho alikuja akalizunguka kabati la kioo mara mbili.

"Wageni wangu wanakuja saa kumi kutazama makalio?" aliuliza. "Mwinue kichwa. Asimame kama mnyama wa maana."

"Ngozi imeshakauka, Mkuu. Shingo haipindiki."

"Basi ikatwe, iungwe upya."

"Mnyama huyu hasimami hivyo. Hata jina lake..."

"Funo, leo umeota mdomo?" Akamgeukia seremala. "Kata wewe."

Seremala alikuwa shemeji wa fundi, mdogo wa mumewe, mtu ambaye haipiti saa bila kumtania. Siku hiyo utani ulimkauka. "Nisamehe, shemeji," alisema, akachukua msumeno. Mlio wa ngozi kavu ikikatika ulimwingia fundi mpaka kwenye meno. Maranda yakamwagika mezani. Alipewa sindano, akashona, na kwa kila tundu alilotoboa alimlaani mtu mmoja kimoyomoyo. Mshono ulikuwa mbaya, Mkuu akaufunika kwa majani.

Saa kumi ukumbi ulijaa. Mama mmoja mwenye miwani aliinama akasoma kibao.

"Hapa mmeandika kwamba jina lake la kigeni maana yake ni mpiga mbizi," alisema. "Mbona amesimama wima?"

Mkuu alicheka. "Fundi wetu atakueleza," alisema, akijua fika kwamba fundi hatafungua kinywa. Miaka kumi na tisa ilikuwa imemfundisha hivyo.

Fundi alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Pazia lilikuwa hatua tatu nyuma yake. Alikwenda mbele, akafungua kabati, akayatoa majani shingoni, jani baada ya jani, mpaka mshono wote ukaonekana.

"Alikuwa anapiga mbizi mpaka leo asubuhi," alisema. "Nililala kwenye umande siku kumi na moja ili nimjue. Mkuu akataka awe mnyama wa maana, akaamuru akatwe shingo. Nimekasirika, mama. Na aliyemshona ni mimi, hilo linaniuma zaidi."

"Msumeno niliushika mimi," seremala alisema kutoka nyuma.

Mkuu aliendelea kuwatabasamia wageni, akanong'ona kwa pembe ya mdomo, "Funo, rudi karakana."

Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama. Hakuondoka; alisimama pale pale kando ya kabati.