Keki ya Juu

Bibi yangu Febronia aliwapikia masista wa misheni ya Ushirombo mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi. Huko ndiko alikojifunza kwamba keki ya harusi huwa mbili: ya chini ni ya wageni, ya juu hufichwa mpaka mtoto wa kwanza abatizwe, ili baraka ya ndoa imfikie. Ya kwangu aliifunga kwa kitambaa cheupe, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilipofika ukweni Didia nikaliweka uvunguni. Sikumwambia mtu, nani hutangaza keki?

Mwaka 1979, siku moja kabla ya ubatizo, mwanangu Otmar akashikwa na homa. Wifi yangu Mektilda, ambaye hakuwahi kugusa ufagio chumbani kwangu, siku hiyo akafagia uvungu. Akatoka na kopo amelishika kwa ncha za vidole.

Walipofungua kitambaa walikuta kitu cheusi, kigumu, chenye harufu ya pombe. Maganga, mdogo wa marehemu baba mkwe, akasema huo ni bulogi, uchawi wa yule bibi mwenye macho mekundu. Wanaume wakaenda kuchukua mapanga. Kijiji cha jirani walikuwa wamemkata bibi kizee kwa macho kama hayo, na bibi yangu alikuwa njiani kuja ubatizoni. Mume wangu Nkwabi alikuwa amekwenda kumpokea stesheni ya Isaka.

Nikasema ni keki ya harusi yangu, baraka ya mtoto. Wakauliza keki gani hukaa mwaka mzima, na ya harusi si ilikuwa nyeupe? Nikaeleza kuwa weupe ni sukari ya juu tu. Ndani ni zabibu, asali na pombe kali ya kuzuia isioze. Nikamega, nikala mbele yao. Maganga akasema mjukuu wa mchawi hadhuriki na uchawi wa kwao.

"Si ni baraka ya mtoto?" akasema. "Basi mpe mtoto."

Otmar alikuwa anatapika hata maziwa yangu. Nikimpa akatapika, bibi amekufa. Nisipompa, bibi amekufa. Nikachukua chembe, nikaipeleka mdomoni mwake.

Mama mkwe wangu Scolastika akanidaka mkono. Akaila ile chembe, kisha akamega kipande kikubwa akakitafuna, midomo ikimtetemeka.

"Mimi si mjukuu wake," akamwambia shemeji yake. "Kaa hapo unitazame nife."

Wakakaa, mapanga magotini. Tulikuwa bado tunamtazama niliposikia hodi ya bibi. Aliingia na kikapu chake, Nkwabi nyuma yake. Macho yale yalikuwa hayaoni vizuri tena. Hayakuona mapanga, yaliona kopo.

"Mmeshindwa kumngoja padri?" akafoka. Akapapasa kopo, akamega kipande, akamwekea Maganga kiganjani. "Haya, baba, na wewe kula. Keki haitazamwi."

Maganga alikitazama kile kipande, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona mtu anayeogopa kunizidi mimi.