Wateja wa Dirishani

"Wamekunya juu ya mashuka ya watu, mama! Mashuka meupe!"

"Si ndege wangu hao. Ndege ana mwenyewe?"

"Kama si wako, mbona unawapikia?"

"Siwapikii mimi. Nawatengea tu."

"Haya, jamani njooni msikie, anawatengea! Na maji ya kunawa je, huwa unawapelekea?"

Kicheko kikapasuka uani. Waliokuwa bombani waliacha ndoo zijae zimwagike, maana ugomvi wa bure haupatikani kila siku. Dobi alikuwa amesimama katikati ya kamba zake, povu likimkauka viwikoni, shuka la nyumba ya wageni kalitandaza mikononi ili kila mwenye macho alione lile doa la zambarau. Dobi huyu mtaa ulimwita Redio, naye hakuwahi kukasirika. Alijua mwenyewe kwamba habari ikimwingia asubuhi, mchana imeshamfikia kinyozi, mke wa kinyozi na mama mkwe wa kinyozi, na njiani imetiwa viungo.

Juu dirishani, nyuma ya nondo, alikuwa mama mnene mwenye kitambaa kichwani. Walikotoka aliitwa Bi Sufuria. Miaka na miaka aliwapikia mafundi wa gereji, katika sufuria ambalo mtoto angeweza kuoga ndani yake na maji yakabaki. Hapa hakuna aliyelijua jina hilo. Hapa alikuwa "yule wa juu", mama yake dereva wa gari la mikate, mwenye maringo, asiyeshuka hata kumjulia mtu hali.

"Shuka basi tusemezane uso kwa uso!" Redio akapaza sauti. "Au umefungwa kamba?"

Bi Sufuria aliutupia mlango jicho. "Miguu inanisumbua, mwanangu."

"Kila siku miguu! Nilikuita tunywe chai, miguu. Jirani kajifungua, watu wote wamekwenda kumwona mtoto, wewe miguu. Sawa. Mwanao atarudi jioni, na mimi nitamngoja hapo ngazini na shuka langu. Yeye miguu anayo."

Kutukanwa Bi Sufuria alikuwa amezoea. Mafundi wa gereji hawakuwa malaika. Lakini mwanawe alikwisha kumwambia kwamba akikuta tena uchafu wa ndege dirishani atapiga wavu wa waya dirisha zima, na wavu wenyewe ulikuwa tayari umekunjwa nyuma ya kabati, ukingoja misumari. Ndiyo sababu alikuwa ameisukuma mbele zaidi fimbo aliyowatundikia ndege chakula. Alitaka ukingo wa dirisha ubaki safi. Hakupiga hesabu kwamba chini ya ncha ya fimbo kuna kamba za dobi.

Fimbo ilikuwa mpini wa ufagio, umefungwa kwenye nondo kwa vipande vya kanga kuukuu, na kila jioni kabla mwanawe hajarudi aliufungua akauficha chini ya kitanda. Juu yake ndiko alikofungua biashara yake upya. Karibu na dirisha alitundika chupa ya maji iliyotobolewa huku na huku, mwiko umepenya katikati. Ndani uwele. Hapo walikuja chiriku na mnana, wakikaa kwenye mwiko wawiliwawili na kupigana mateke. Uwele aliuomba kwa mwanawe akisingizia kwamba anashona mto wa kuegemea mgongo, na mwana, maskini, alileta mfuko baada ya mfuko, akishangaa mto gani huo usiojaa. Mbele kidogo palining'inia kifuu chenye makombo ya wali na mkate. Hiyo ilikuwa meza ya shomoro, watu wa fujo, wanaokula wakiongea. Kwenye msumari alichomeka kipande cha papai kwa ajili ya shore, ambao waliona papai peke yake halitoshi, wakaja wameshajaza matumbo zambarau za mti wa jirani. Na mwisho kabisa, kwenye ncha, palikuwa na kichupa cha dawa chenye tundu kifunikoni na maji ya sukari ndani.

Kichupa hicho ndicho kilichomtesa. Alikitundika kwa ajili ya chozi, yule ndege mdogo anayemetameta, mwenye mdomo kama sindano ya kushonea magunia. Chozi alipita, akatazama, akaondoka kama mteja aliyeona nzi kwenye sahani. Bi Sufuria alipunguza sukari, akaiongeza, akaosha kichupa. Wapi. Mpaka siku moja alipokizungushia uzi mwekundu alioufumua kwenye pindo la gauni lake. Mchana huohuo chozi akaja, akaning'inia kichwa chini, akanywa. Bi Sufuria alipiga makofi peke yake chumbani, kisha akageuka kumtafuta wa kumhadithia. Nyuma yake palikuwa na kitanda, kabati, chupa ya chai na mlango.

Mlango ulikuwa na kufuli, na kufuli lilikuwa nje.

Kila alfajiri alilisikia likibana, *ka!*, kisha viatu vya mwanawe vikishuka ngazi, kisha gari la mikate likiguna barabarani. Baada ya hapo hakuna mlango uliomfungukia mpaka jioni. Alihesabu vigae, akavikosea, akavirudia. Kwa miguu ya watu ngazini alijua nani anatoka na nani anaingia, nani kachelewa na nani kagombana na mumewe, na hakuwa na wa kumnong'oneza. Kwa mtu aliyezoea mabenchi mawili ya watu wanaopiga kelele "mama, ongeza mchuzi!", kimya cha chumba kile kilikuwa kinamla taratibu.

Na mwanawe hakuwa mbaya, hilo ndilo lililomfunga kuliko kufuli. Kule walikokaa kwanza, mama aliteleka maharage, akaegemea ukuta, usingizi ukamchukua. Maharage yakawa mkaa, pazia likashika moto, majirani wakavunja mlango. Mwenye nyumba aliwafukuza. Tangu hapo mwana alilala jicho moja wazi. Jiko akaliuza. Chakula akawa anakiacha asubuhi kwenye bakuli la kufunika, na mlango akaufunga "mpaka nitakapopata mtu wa kukaa na wewe, mama." Mtu hakupatikana. Kufuli lenyewe lilikuwa la Bi Sufuria, la kibanda chake cha chakula. Yeye mwenyewe alilitoa sandukuni siku ile, kwa aibu, akamkabidhi.

Sasa angesema nini kwa majirani? Kwamba mwanangu ananifungia? Redio angelitangaza kabla povu halijamkauka, na kijana wake angepita mtaani akiitwa askari jela. Afadhali miguu.

Alianza kuivuta fimbo ndani. Kifuu kikagonga nondo, wali ukamwagika, na chini Redio akaona punje za wali zinamdondokea kichwani.

"Aa! Basi imetosha! Jioni mbali, nakuja sasa hivi!"

Ngazi zikalia pa-pa-pa. Bi Sufuria alikaa kitandani, fimbo mapajani kama mvuvi aliyekosa samaki. Alitamani mgeni tangu lini, na mgeni huyo anakuja na matusi.

Mlango ukagongwa kwa ngumi. "Fungua!"

"Siwezi, mwanangu."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Nikwambie kitu, mama, mimi sina muda wa maringo. Nimeacha beseni..." Sauti ikakatika. Bi Sufuria akasikia chuma kikiinuliwa na kuachiwa, kikagonga ubao. Kikainuliwa tena.

Pumzi za Redio zikasogea karibu na ubao.

"Mama," sauti ilirudi, imeshuka. "Hili kufuli limefungwa huku nje."

"Najua."

"Nani kalifunga?"

"Mimi ndiye niliyelitoa. Usimseme mtoto wangu."

Bi Sufuria akasogea, akakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango. Maneno yakaanza kutoka, kwanza moja moja, kisha kwa mkupuo: maharage, pazia, mwenye nyumba, jiko lililouzwa, mto wa uwele. Hata uzi mwekundu aliusimulia. Upande wa pili Redio alikuwa ameketi ngazini na shuka lake, kidevu mkononi.

"Kwa hiyo siku zote zile nikikuita chai..."

"Nilikuwa nainusa. Unatia tangawizi nyingi mno."

Redio akacheka, akajifuta macho kwa shuka la nyumba ya wageni, doa na yote. "Na mimi nimekutangaza mtaa mzima kwamba unaringa!"

"Hilo litangaze. Hili la leo..." Bi Sufuria akainua pua. "Wewe. Una kitu jikoni?"

"Maharage, nimeteleka kabla sijaanza kufua. Kwani vipi?"

"Yanaungua."

"Hayaungui, niliweka maji mengi."

"Mwanangu, nakwambia yanaungua! Yameshika chini sasa hivi, bado hayajatoa moshi. Kimbia! Usiyakoroge! Ukikoroga tu, umeyapoteza!"

Redio aliruka ngazi kama mtoto. Bi Sufuria alisimama, mkono kwenye kitasa, akakivuta bila kujua anavuta nini. Mlango ulicheza kidogo ukagota. Pua ilijua, mikono ilijua, na mwili mzima ulikuwa ndani. Alirudi dirishani, akabana uso kati ya nondo. "Epua!" alipiga kelele uani. "Mimina ya juu kwenye sufuria nyingine! Ya chini yaache!"

Moshi ukatokeza mlangoni kwa Redio, mwembamba, kisha mzito, kisha ukaisha. Redio akatoka akikohoa, sufuria mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie, Bi Sufuria aliona watu wa uani wakiinua macho kumtazama yeye bila kumcheka.

Dereva wa mikate aliporudi jioni, alimkuta dobi amekaa kwenye ngazi ya mwisho, mbele ya mlango wake, shuka limekunjwa magotini na sufuria yenye kitako cheusi pembeni.

"Shikamoo dada. Kuna nini?"

"Marahaba. Nakungoja unifungie."

"Nikufungie?"

"Ndiyo, kaka. Leo nimeunguza maharage. Tazama mwenyewe. Nina akili zangu timamu, sijazeeka, sikulala, nilikuwa nagombana tu, na nyumba ilikuwa inakwenda na moto. Sasa nifungie na mimi. Au kufuli ni moja?"

Kijana akaangalia chini. Alikuwa na unga wa mikate kwenye nyusi, na ulimfanya aonekane mzee kuliko mama yake. "Dada, hukuuona ule moto. Mimi nilimkuta nje amebebwa."

"Sikuuona. Ila leo moto wangu aliuona yeye, akiwa ndani ya kufuli. Sasa niambie: huo moto ungeanzia kwangu ukapanda huku, yeye angetokea wapi? Dirishani, pamoja na shomoro?"

Mkono wa kijana ulikuwa mfukoni, na Bi Sufuria, sikio kwenye ubao, alisikia funguo zikigeuzwageuzwa, wala hazitoki.

"Mimi niko chini hapo kutwa," Redio aliendelea, taratibu sasa. "Siendi popote, kazi yangu ni kamba na beseni. Ashuke akae na mimi. Jiko ni langu, macho yatakuwa manne. Na domo langu unalijua. Akisinzia kidogo tu, mtaa wote utamwamsha."

"Na lile shuka?" Bi Sufuria aliuliza kutoka ndani, maana lazima mtu aulize.

"Shuka nitalifua tena. Lakini huo ufagio wako utaurudisha upande wa ukutani, mama. Hilo sisamehe."

"Ufagio gani?" kijana akauliza.

Akautoa mkono mfukoni. Ufunguo ukaingia, ukakwama kama ilivyokuwa desturi yake, ukageuka. Mlango ulipofunguka Bi Sufuria hakutoka mara moja. Aliutazama ukumbi wa ngazi, mrefu na mweusi, kana kwamba mtu angemwambia bado. Mwanawe alikuwa ameinamisha kichwa. Mama akampangusa unga kwenye nyusi, akampita, akashika ukuta, akashuka. Miguu ilikuwa haimsumbui hata kidogo, ila ilikuwa imesahau ngazi.

Kwa Redio palikuwa na chumba kimoja, jiko moja na nguo za watu kila mahali. Bi Sufuria alionja maharage yaliyookolewa, akakunja uso. Akadai kitunguu, akadai nyanya, akadai kisu kinachokata. Moto aliupunguza, akaulinda kwa macho. Redio alimsimamia pembeni akisimulia habari za kinyozi na mama mkwe, na Bi Sufuria akamsahihisha mara mbili, kwa sababu ngazini alikuwa amesikia zaidi. Waliokuwa bombani walianza kusogea mlangoni, mmoja na ndoo, mwingine na sahani, hajui hata kwa nini ameibeba.

Mwanawe hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, kufuli mkononi likiwa wazi, akiutazama ule moto mdogo wa bluu jinsi mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumuuma. Akapiga hatua, akarudi. Bi Sufuria alimwona kwa pembeni, akaendelea kukoroga. Alijua kesho alfajiri kijana atasimama tena mbele ya ule mlango wa juu na kufuli hilohilo, na hakuna aliyekuwa na hakika mkono wake utafanya nini.

Akapakua sahani, ya kwanza, akaijaza mpaka ukingoni kama ya fundi mkuu.

"Baba," alimwita. "Ingia ule. Na hilo kufuli liache huko nje pamoja na viatu."