Kiti Chenye Ndiyo

Asubuhi ile, kama asubuhi zote za kikao, mhudumu wa ukumbi alipita mstari kwa mstari akiweka glasi za maji mbele ya viti ambavyo hakuna aliyekuwa anakuja kuvikalia. Kila kiti alikipa glasi yake, kwa sababu sauti nazo hukaukiwa. Akafuta meza ya makatibu, akanyoosha bendera, akafungua mlango mkubwa. Mpambe akaingia na siwa, lile rungu la Bunge, begani, Spika nyuma yake na joho lake refu, na waliosimama kuwapokea walikuwa Katibu wa Bunge, waandishi wa taarifa rasmi, waziri wa zamu, mzee mmoja wa upinzani, na Mwalimu. Wengine wote walikohoa kutoka vitini mwao, kwa heshima.

Waheshimiwa walikuwa na mambo mengi. Huyu alikuwa na shamba, yule alikuwa na kesi, mwingine alikuwa na nyumba mbili na kila nyumba ilimtaka kwa chakula cha mchana. Zamani walifika asubuhi, wakatia saini, wakaacha sauti zao vitini jinsi mtu anavyoacha koti kuonyesha kwamba mahali pana mwenyewe, kisha jioni wakazipitia. Baadaye wakaona hiyo kwenda na kurudi ni usumbufu, wakaziacha moja kwa moja. Nyumbani waliongea kwa sauti za kuazima, na wake zao hawakuona tofauti kubwa.

Mzee wa upinzani, aliyebandikwa jina la Kuhusu Utaratibu kwa sababu ndivyo alivyoanza kila sentensi, hata kantini akiagiza chai, aliwahi kusimama na kuuliza kama akidi imetimia. Spika alifungua kitabu cha kanuni, akasoma, akavua miwani, akatoa mwongozo. Kanuni zinamtaka mbunge aamue kwa sauti. Hazisemi popote kwamba aje na mwili. Mzee alisema ameridhika, akakaa. Tangu hapo miswada ilipita upesi sana, na Bunge likasifiwa kwa kasi.

Mwalimu alikuwa mgeni humo. Alikuwa amefundisha hesabu shule ya msingi mpaka chaki ikamwingia kifuani, na siasa hakuwahi kuitaka. Mwanasiasa wa nyumba alikuwa mumewe, mbunge wa jimbo la migodi kwa vipindi vitatu, ambaye wenzake walimwita Bwana Ndiyo na yeye akacheka nao. Siku ya ziara ya ukaguzi mumewe alishuka mgodini pamoja na wachimbaji. Wajumbe wenzake wa kamati walibaki juu wakisubiri vitafunio. Dari ya mgodi ikaporomoka, na walioshuka hawakupanda tena.

Kiti kikatangazwa kuwa wazi, uchaguzi mdogo ukaitishwa, chama kikamwomba mjane asimame. Akashinda bila jasho. Ya nini jasho, watu walimpigia kura ya rambirambi.

Siku ya kwanza, baada ya kuapishwa, alionyeshwa kiti cha mumewe, akakaa, akashika mkoba mapajani. Ulikuwa muswada wa mbolea. Spika akawahoji: "Wanaoafiki waseme ndiyo." Viti vikasema ndiyo, na chini yake, pale mto wa kiti unapokutana na mbao, ikatoka sauti nene yenye uchangamfu kidogo, ya mtu anayeitwa mezani.

"Ndiyo!"

Mwalimu akanyanyuka nusu. Sauti hiyo alikuwa ameishi nayo tangu ujana wake. Katibu, aliyekuwa anapita na makaratasi, akamwinamia.

"Keti tu, Mheshimiwa. Hii ya marehemu haikuwahi kuchukuliwa. Utazoea."

Hakuzoea. Alinogewa. Akawa wa kwanza kuingia ukumbini na wa mwisho kutoka. Alikaa kwenye muswada wa bima ya meli, akakaa kwenye itifaki ya mbegu za alizeti, akakaa kwenye marekebisho ya marekebisho ya sheria ya mabango ya barabarani. Magazeti yalimsifu kwa mahudhurio, yakawaasa wengine waige. Ukweli ni kwamba alikuwa mpweke hadi mifupani, na kile kilikuwa mahali pekee chini ya jua ambapo mumewe alikuwa bado anasema.

Shida ilikuwa moja: alisema lile lile. Wakati wa mapumziko, ukumbi ukibaki mtupu, Mwalimu alijifanya anatafuta kalamu chini, akamnong'oneza. "Baba watoto, hujambo?" Kimya. "Ile hadithi ya mkaguzi wa shule na punda, ulivyoondoka asubuhi ile hukuimaliza. Iliishaje?" Kimya. Sauti ilimjibu Spika peke yake. Mwalimu angeweza kumwonea Spika wivu, ila Spika mwenyewe hakuwa mtu wa kuonewa wivu.

Binti yao, aliyeolewa mji wa mbali, alipiga simu kila Jumapili.

"Mama, njoo ukae na sisi. Huko upo na nani?"

"Nipo na baba yako."

"Anasemaje?"

"Ndiyo."

Binti akasema amsalimie.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka Bunge livunjwe, kama Waziri wa Madini asingesimama kipindi cha maswali na kusema kwamba kazi ya kufukua kifusi imefika mwisho wake wa kitaalamu, na kwamba mdomo wa mgodi utazibwa kwa zege kwa usalama wa umma. Hakutaja walio ndani. Alishukuru, akakaa, akanywa maji.

Mchana huo mke wa dereva wa winchi alifika ofisini kwa Mwalimu, chumba chembamba chenye feni inayogeuka upande mmoja tu. Mumewe ndiye aliyeshusha watu mgodini kwa winchi, na siku ile alikuwa ameshuka nao kwa sababu mbunge alimtania kwamba anaogopa shimo lake mwenyewe. Mwanamke mwenyewe alikuwa bado kijana, na alikaa ukingoni mwa kiti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa vizuri."

"Wameshapeleka mashine ya zege. Nimeiona kwa macho yangu, imepaki pale pale tulipokuwa tunawasubiria."

"Nimesikia leo ndani."

"Wewe angalau wako unamsikia." Hakusema kwa ubaya. "Wangu hakuwa mheshimiwa. Hana pa kusemea. Nimekwenda kukaa kwenye winchi yake siku nzima, nikatega sikio. Ni chuma tu."

Mwalimu akamsogezea maji. Feni ikageuka, ikarudi.

"Mimi siombi makubwa," yule mwanamke akasema. "Watolewe, hata kama ni mifupa. Nijue pa kwenda nikitaka kulia. Sasa hivi nalia popote tu, hata kwenye foleni ya unga, watu wananiangalia."

Mwalimu alibaki peke yake akafikiri kama mtu wa hesabu. Viti vile havikuwahi kukataa kitu. Kila walichoulizwa walikubali. Basi tatizo lote lilikuwa katika swali. Mtu akiwauliza jambo ambalo ndiyo yake ni kufukua, watafukua. Na yumo mmoja ambaye, hata wengine wakikosa, huyo hawezi kukosa, maana ndiye anayefukuliwa. Moyo wake ukawa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu msiba, akala chakula cha jioni akamaliza.

Akaandika hoja binafsi: kwamba Bunge liitake Serikali iendelee kufukua mpaka watu wote watolewe. Katibu aliisoma akaikuta haina kasoro.

"Itahitaji wa kuiunga mkono," alisema, "na huyo lazima asimame. Sauti haisimami, Mheshimiwa. Hapo kanuni ziko wazi."

Wenye miili walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Mwalimu alimkuta Kuhusu Utaratibu kantini, akichovya mkate kwenye chai.

"Kuhusu utaratibu, shemeji," mzee alisema baada ya kusikiliza, "kuunga mkono si kukubali. Kuunga mkono ni kusimama tu. Kusimama bado naweza."

Siku ya hoja mke wa dereva wa winchi aliketi jukwaa la wageni, peke yake, mkoba wake ukiwa umebaki getini kwa walinzi. Mwalimu akasimama. Alikuwa ameongea mbele ya watoto maelfu, lakini hapa alianza kwa kushika meza.

"Mheshimiwa Spika, mgodi ule ulikuwa na mlango mmoja. Zamani sheria ilitaka miwili. Mlango wa pili tuliuondoa humu humu, siku ya mwisho kabla ya mapumziko, bila mjadala, kwa sababu watu walikuwa wanawahi ndege. Mume wangu alisema ndiyo. Aliisema kwa nguvu, niliisikia redioni nikiwa napika, nikajisemea moyoni, huyo ni wangu. Leo yuko nyuma ya mlango ambao haupo. Naomba Bunge liwatoe. Naomba kutoa hoja."

Mzee akasimama, akasema, "Naunga mkono," akainama kwa Spika, akatoka kwenda kunywa chai. Sauti akaiacha kitini.

Waziri wa Madini akajibu kwamba Serikali ni sikivu, inatambua uchungu wa Mheshimiwa, na ingependa kumhakikishia kwamba zege litakalotumika ni la daraja la juu. Kwa hiyo Serikali haikubaliani na hoja. Akaketi.

"Sasa nitawahoji," alisema Spika. "Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo," alisema Mwalimu.

Neno lilikwenda mpaka ukuta wa mbele, likarudi peke yake. Viti vilinyamaza. Hakuna aliyekumbuka vimewahi kunyamaza mbele ya swali hilo. Mhudumu wa ukumbi alisimama na jagi mkononi, akasubiri, akaona hakuna cha kusubiri, akaendelea kumimina.

Mwalimu akaweka kiganja juu ya mto wa kiti. "Sema," alinong'ona. "Ni wewe huyu tunayetaka kukutoa. Sema ile yako ya kila siku, baba watoto. Moja tu."

Spika, ambaye alikuwa mtu wa haki, alisubiri kidogo zaidi ya kawaida.

"Wasioafiki waseme siyo."

"Siyo!" vilisema viti vyote, kwa pamoja, bila kufundishwa, na cha mzee wa upinzani kikiwemo. Na chini ya kiganja cha Mwalimu, ikiwa imechelewa kidogo nyuma ya wengine, ikatoka ile sauti nene, safari hii yenye mkwaruzo.

"Siyo!"

Lilikuwa neno lake la kwanza jipya tangu afe. Mwalimu alilisikiliza mpaka lilipoisha. Alikuwa ameomba neno jingine usiku na mchana, akalipata, na liliuma kuliko siku walipomletea habari ya mgodi, kwa sababu siku ile mumewe hakuwa amesema lolote.

"Nadhani wasioafiki wameshinda," alisema Spika. "Hoja imekataliwa. Katibu."

Katibu akasoma kilichofuata, muswada wa mizani na vipimo, na viti vikauitikia ndiyo kwa raha zao za kawaida.

Kwenye korido mke wa dereva wa winchi alikuwa anasubiri, amerudishiwa mkoba wake. Hakuwa analia. Alitembea na Mwalimu mpaka karibu na ngazi ndipo akauliza.

"Yule aliyesema siyo pale ulipokaa. Ndiye mwenyewe?"

"Ndiye."

"Ana mafua."

"Huko waliko kuna baridi," alisema Mwalimu.

Wakashuka pamoja mpaka getini, wakaagana. Zege lilimwagwa wiki ile ile. Waziri alilitaarifu Bunge kwamba kazi imekamilika, na Spika akawahoji waheshimiwa kama wanaipokea taarifa. Viti vikasema ndiyo. Ya kiti cha Mwalimu nayo ilikuja, lakini kwa mbali, ya mtu anayeongea akiwa upande wa pili wa ukuta. Siku hizi Mwalimu ni wa kwanza kuingia ukumbini kama zamani, na Spika akianza kuwahoji, huinama mpaka sikio likaribie mto wa kiti. Wanaomwona kwenye televisheni hudhani amesinzia.