Mananasi ya Marehemu Farid

Maji ya kumwoshea Farid yalichemshiwa kwa Bi Ladan, jirani, kwa sababu gesi ya Shamsia, mke wa marehemu, ilikuwa imekwisha asubuhi hiyohiyo. Bi Ladan aliacha unga wa mahamri ukiumuka, akaleta sufuria mbili, akazitua nje ya pazia lililotundikwa uani. Nyuma ya pazia Abdurahim, ndugu ya marehemu, alikuwa akiosha pamoja na wanaume wawili wa msikitini. Walipomwosha kwa maji na majani ya mkunazi, harufu ya nanasi ilitoka. Walirudia, ikazidi. Mwisho walitia kafuri, ambayo kwa kawaida hufunika harufu zote, lakini safari hii kafuri ndiyo iliyofunikwa.

Abdurahim alitoka mikono ikidondosha maji. Alimwambia mjane, kwa sauti ya chini, kwamba ndugu yake amekufa kifo cha watu wema. Maiti kunukia namna ile ni dalili, na mashahidi walikuwepo.

"Ni dawa ya kazini, shemeji," Shamsia alisema.

"Dawa ya kazini ingetoka kwa kuoshwa."

Farid alikuwa ametumia nusu ya umri wake katika kiwanda cha sabuni ya maji kule Industrial Area. Kazi yake ilikuwa kumimina harufu ya nanasi kutoka pipani hadi kwenye tangi, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Ilikuwa harufu ileile inayotiwa kwenye peremende na juisi za unga. Kilichobadilika ni kipimo tu. Jioni alirudi Majengo akinukia kiasi kwamba watoto walimfuata wakidhani amebeba tamutamu. Mwaka wake wa mwisho alikuwa akisimama kupumzika mara mbili kati ya kituo cha gari na mlango wake. Zahanati iliandika pumu. Alipofariki, kiwanda kilileta rambirambi, katoni ya sabuni, na habari kwamba nafasi yake ingepewa mwanawe, Abrar, akiitaka.

Abrar aliitaka. Alikuwa na cheti cha ufundi wa mabomba na hakuwa na bomba la kufunga. Shamsia alitaka jambo moja tu, kwamba mwanawe asiingie chumba kile. Hakuweza kwenda kiwandani kubishana, kwa kuwa alikuwa katika eda na mjane hatoki. Alichohitaji ni mtu mmoja, wa kiwanda au wa ukoo, atamke mbele ya Abrar kwamba chumba ndicho kilichomuua Farid. Maneno ya mama peke yake Abrar aliyaita majonzi.

Khitma ilisomwa, na kesho yake mananasi yakachipuka. Yalitoka uchochoroni, yakifuata njia yaliyopitia maji ya maiti, kuanzia tundu la ukuta wa ua hadi kwenye mtaro, kila mche ukiwa umejipasulia saruji. Kufikia Ijumaa yalikuwa yamezaa. Waliokuwa wakienda kuswali walinung'unika kwamba majani yanararua kanzu, wakahamia upande wa pili wa njia. Askari wa kaunti alikuja kuuliza ni nani aliyepanda mimea njiani bila kibali. Alipoelezwa, aliandika kwamba mhusika amefariki, akaenda zake.

Bi Ladan ndiye aliyekata nanasi la kwanza. Lilinukia kuliko lolote la sokoni, ila halikuwa na maji wala utamu. Lilitoa povu. Alisugua kwalo sufuria ya mahamri na mafuta yakatoka mara moja. Tangu hapo wanawake wa uchochoro ule hawakununua sabuni tena. Walichuma kwa zamu, na kila aliyechuma alimwombea Farid rehema, hata wale ambao alipokuwa hai walimtania kwamba ananukia kama harusi.

Afisa wa usalama wa kiwanda, Bwana Kivuva, alifika akiwa na shati lililonyooshwa vizuri. Aliketi barazani, Shamsia akawa ndani nyuma ya pazia la mlango, Abdurahim akakaa kati yao akimimina kahawa. Abrar aliegemea ukuta. Kivuva alikuwa mtu mstaarabu na hakusema uongo hata mara moja. Alieleza kwamba harufu ile imechunguzwa na wataalamu wa nchi nyingi, kwa ngozi na kwa tumbo, na kwamba mtu anaweza kuosha vyombo kwa sabuni ile maisha yake yote asidhurike. Shamsia alisema anamwamini.

"Hicho ni kiwango kilicho ndani ya sabuni," akaongeza. "Na kilichokuwa ndani ya mume wangu?"

Kivuva alifikiri. "Hicho hakijapimwa, mama. Uchunguzi unahusu bidhaa."

"Na anayemimina?"

"Anayemimina hauzwi, mama."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayeelekeza mgeni njia. Kisha akaomba nanasi moja akalipime. Bi Ladan alimchagulia lililokomaa na kumfungia kwenye gazeti.

Wiki iliyofuata Kivuva alimpigia Abdurahim simu. Nanasi lilikuwa limefaulu. Kiwango chake kilikuwa chini ya kile kinachoruhusiwa, na kisheria hakukuwa na kizuizi cha kuliuza. Abdurahim alikuja kuitoa habari hiyo akiwa amevaa kofia yake ya Idi. Kwake mambo yote sasa yalikubaliana: dini imesema ni baraka, na maabara imesema haina madhara. Chumba ambamo mtu ameokota mwisho mwema kama ule, alisema, si chumba cha kukimbia.

Usiku Abrar aliketi na mama yake wakila wali.

"Mathe, hata nanasi limepita," alisema.

"Baba yako alikuwa akipumzika mara mbili kutoka kituoni."

"Mimi nitachukua boda."

Shamsia hakucheka, na Abrar hakuwa amekusudia achekwe. Alimweleza mama yake, kwa upole, kwamba yeye akiikataa kazi, asubuhi kiwanda kitamchukua mtu mwingine kati ya wale wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben wanaosubiri kibarua getini, na huyo hatauliza kitu. Hilo lilikuwa kweli. Shamsia aliondoa sahani, wali wake ukiwa nusu.

Jumatatu Abrar alikwenda. Alipewa ovaroli ya baba yake, iliyokuwa imefuliwa, na barakoa mpya ya karatasi. Jioni alishuka kwenye boda mwanzoni mwa uchochoro, na watoto wakamfuata hadi mlangoni. Alioga uani, akajisugua kwa muda mrefu, maji yakapita tundu lilelile la ukuta.

Alfajiri Shamsia alikuta mche mdogo umechomoza kwenye saruji ya ua, chini ya ndoo ya kuogea, ukiwa na urefu wa kidole. Aliung'oa pamoja na mizizi na kuutia kwenye pipa la taka. Asubuhi iliyofuata ulikuwa umechomoza tena palepale, na Bi Ladan alikuwa ameuzungushia vijiwe ili mtu asije akaukanyaga.