Breki Laini na Leseni Mpya

Gari letu ni la zamani, lakini si kuukuu. Kuna tofauti, na anayebisha aje nimweleze akiwa amekaa. Enzi zake lilikuwa na breki kali hivi kwamba nikizikanyaga, saa yangu ya mkononi ilisimama. Siku moja nilifunga breki karibu na reli, na treni iliyokuwa ikipita nayo ikasimama kwa adabu. Mke wangu husema hilo la treni ni uongo. Hilo la saa bado hajalikanusha.

Basi, karibu na mahafali ya kitinda mimba wetu, aliyekuwa anamaliza masomo ya uhandisi wa maji, nyumbani kwetu yalitokea mambo mawili. La kwanza, mke wangu, fundi cherehani mstaafu na bibi wa wajukuu, alipata leseni ya udereva. Mtihani ulikuwa umemwangusha mara mbili, na mara zote mbili alirudi nyumbani, akala, akalala, na kesho yake akaenda tena shule ya udereva kama mtu aliyesahau mwamvuli huko. La pili, breki za gari zililainika.

"Siku ya mahafali naendesha mimi," alitangaza tukiwa mezani. "Nataka binti yangu anione kwenye usukani. Sitaki kuteremshwa mlangoni kama gunia la mkaa."

Mwanetu mkubwa, ambaye tangu apate mvi mbili anajiona babu yangu, akaweka kijiko chini.

"Mama, hongera kwa leseni. Lakini hiyo pedeli nimeikanyaga, ni kama nimekanyaga godoro. Jumamosi asubuhi nakuja. Nikiikuta bado laini, nachukua funguo na nyote mnapanda gari langu."

"Unamwambia nani?" nikamuuliza.

"Wewe, baba. Si wewe ndiye fundi?"

Hapo alinigusa pabaya. Ufundi sikufundishwa na mtu. Kazi niliyostaafia ni ya kukata tiketi; ufundi nilijifunza kwa kufungua vitu vya watu na kuvifunga kabla wenyewe hawajarudi. Na breki hizo ni mimi niliyezishika mara ya mwisho. Kalipa za mbele, yale makoleo ya chuma yanayobana sahani ya gurudumu, zilikuwa zinang'ang'ania. Nikazifungua zote mbili, nikazisafisha, nikazitia mipira mipya ya ndani. Na kwa kuwa fundi naye ana madaha yake, nikazipaka rangi nyekundu, nikazianika juu ya gazeti, pacha wawili wa kupendeza. Zilipokauka nikazirudisha. Tangu siku hiyo, pedeli ikawa inazama kama kijiko kwenye uji.

Ijumaa baada ya chai nikamwita mke wangu akae kwenye kiti cha dereva.

"Kanyaga, shikilia."

"Nimeshikilia."

"Inazidi kuzama?"

"Imezama nusu, imetulia."

Maana yake masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ilikuwa nzima. Ingekuwa mbovu, pedeli ingeendelea kushuka taratibu chini ya mguu. Nikalala chali nikapitisha kidole kwenye kila paipu na nyuma ya kila gurudumu. Pakavu. Chupa ya mafuta imejaa.

"Sasa kanyaga harakaharaka, kama unapiga pampu ya baiskeli."

"Eh! Inapanda! Imekuwa ngumu!"

"Upepo," nikasema, huku nikijifuta mikono taratibu kama daktari. "Kuna upepo kwenye mafuta. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea. Unakanyaga upepo, mama watoto."

"Si ulisema juzi umeutoa?"

"Umerudi."

"Ulikuwa umesafiri?"

Nikachomeka mpira mwembamba kwenye kiskrubu cha kutolea upepo cha gurudumu la nyuma, ncha ya pili nikaizamisha kwenye chupa yenye mafuta kidogo, tukaanza. Kanyaga. Nimekanyaga. Nafungua. Inashuka. Nafunga. Achia. Tukaenda gurudumu baada ya gurudumu, majirani wakidhani tunafanya mazoezi ya kwaya. Mafuta yakatoka safi, hakuna hata povu moja. Nikamwambia ajaribu.

"Godoro," akasema.

Tukarudia. Godoro. Jua likahamia upande wa pili wa nyumba, nami mgongo ukaanza kunisema. Mtu akishindwa na chuma hutafuta binadamu wa kumlaumu, na aliyekuwa karibu alikuwa mmoja tu.

"Wewe unaachia mapema. Ukiachia kabla sijafunga, upepo unanyonywa ndani."

Mlango ukafunguka. Akashuka polepole, akakunja khanga kiunoni, akaja kunisimamia pale nilipochuchumaa.

"Mguu huu," akasema akiuonyesha, "umekanyaga cherehani tangu hujui kutofautisha spana na uma. Umeshona sare za shule nzima. Unajua kukanyaga, unajua kuachia. Leo uje uufundishe wewe?"

"Nilikuwa natania."

"Sogea nione huko kwako."

Akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Alitazama kalipa kama anavyotazama nguo ya fundi mwingine, kwanza nje, kisha mishono. Akanyanyuka, akazunguka upande wa pili, akatazama na ile nyingine. Akachukua ile chupa yangu, akaitikisa, akaniinulia usoni.

"Upepo unakaa wapi humu?"

"Juu."

"Na mlango wa kuutolea kwenye hilo dude lako jekundu umeuweka wapi?"

Nikatazama. Kiskrubu kilikuwa chini kabisa, kinachungulia ardhi. Nikakimbilia upande wa pili. Chini vilevile. Wiki nzima nilikuwa nafungulia mafuta yatoke kwa chini, huku upepo umejilaza juu kama mgeni asiyeaga.

"Umeshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia," akasema. "Wanafunzi wangu walikuwa wakifanya hivyohivyo. Vipande vinafanana mezani, mtu anashona huku anaimba, mteja akivaa anashindwa kujikuna."

Wasomaji wangu, nimewahi kumbishia mkuu wa kituo, nimewahi kumbishia mamba. Siku hiyo sikuwa na la kubisha. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka mpaka akashika mlango wa gari asianguke.

"Nenda kalete spana, baba watoto. Kicheko hakibadilishi kalipa."

Tukazifungua. Ya kushoto ikaenda kulia, ya kulia ikaja kushoto, viskrubu vikatazama juu kama inavyotakiwa, na pale paipu inapofungwa nikatia washa mpya za shaba, vile vipete vya kuzuia mafuta yasivuje. Yeye ndiye aliyekaza boliti za mwisho, kwa sababu alisema sasa ananiangalia mimi kwa jicho la mashaka. Kisha akarudi kwenye pedeli.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Nikafungua. Mpira ukabwabwaja! Mapovu yalitoka makubwa kwa madogo. Yale ya mwisho, naapa, yalikuwa yanapiga mluzi. Tulipomaliza na upande wa pili, akakanyaga tena.

"Vipi?"

"Njoo uweke mkono."

Nikaingiza mkono nikaibonyeza pedeli. Ilishuka kidogo tu, ikagoma. Ngumu kama meza. Akawasha gari, akaenda mbele na kurudi uani, akafunga breki kila hatua chache, mpaka kuku wa jirani wakahama kabisa.

Jumamosi mwanetu alifika na suti yake. Hakusalimia hata vizuri, akaingia kwenye gari, akakanyaga, akakanyaga tena. Akalitoa barabarani mwenyewe, akafunga breki mara kadhaa, akarudi.

"Baba, ulifanyaje?"

"Muulize fundi," nikasema, nikaonyesha kwa kidevu.

Mama yake alikuwa anavaa viatu vya kuendeshea. "Panda nyuma, mwanangu. Funga mkanda."

Njiani kuna mteremko mrefu unaoishia kwenye taa. Tukiwa katikati yake taa ikawa nyekundu. Nilimwona mwanetu kwenye kioo, mguu wake umekanyaga sakafu ya gari kwa nguvu zote. Mke wangu alikanyaga taratibu, gari likajishika, likapunguza, likasimama nyuma ya mstari bila hata kututikisa vichwa.

"Hivyo ndivyo wanavyosimama watu," akasema bila kugeuka.

Langoni mwa chuo mlinzi akaja dirishani kwangu. "Mzee, egesha pale kwenye kivuli, tafadhali."

"Mwambie dereva," nikamwambia. "Mimi abiria."

Akazunguka upande wa pili akiomba radhi. Tulipoegesha, binti yetu alikuwa anashuka ngazi na joho lake, akitupungia. Alipofika karibu akasimama ghafla, akatazama usukani, akatazama aliyeushika. Kisha akakimbia akipiga kelele, "Mama! Mama!" akapita mbele yangu bila hata kuniona, akaingiza kichwa na kofia na kila kitu kwenye dirisha la dereva.

Nilibaki kwenye kiti changu, mikono mapajani. Tangu nizaliwe sijawahi kufurahia kutosalimiwa namna ile.