Matita ya Wageni wa Tamutele

Ilikuwepo nchi ndani ya mwili wa kiumbe hai, ndogo hata jicho halikuidiriki, nayo ikiitwa Tamutele. Sultani wake alikuwa Takrima, na kadhi wake Desturi. Wageni wake walikuwa wa ukoo wa Sukari, wanono, weupe, kila mmoja na tita la kuni mgongoni. Kwa taadhima, sheria ilimkataza mwenyeji kumgusa mgeni wala kilicho chake. Basi wageni wakaketishwa kwenye mazulia, wakafukizwa udi, wakaimbiwa kasida, matita yangali mgongoni. Njia zikajaa hata pa kupita hapana, na Jiko Kuu, lililoipa nchi yote joto, likabaki majivu. Wenyeji wakatetemeka huku wakiusifu ukarimu wao.

Hapo akaja Pokea, wa kabila la Vimeng'enya, mwanamke wa vidole vyepesi. Akamwendea mgeni mmoja, Bi Halua, akalifungua fundo, akalitua tita, akampa Hamali mchukuzi, naye huyo mbio hadi jikoni. Moto ukashika kidogo. Papo hapo Pokea akafungwa kamba mikononi.

Barazani, Desturi alisoma shitaka meno yakigongana: amemvua mgeni mali yake, na adhabu ni kufukuzwa nchini. Pokea akapekuliwa, asionekane na hata kibanzi. Alivyokuja ndivyo alivyokuwa.

"Kama hukuiba, ulitaka nini kwa mgeni wetu?" akauliza Sultani.

"Apumzike, maulana."

Kadhi akamgeukia Bi Halua, akamwomba radhi kwa fedheha iliyompata. Bibi yule akacheka mpaka mtandio ukamwanguka.

"Fedheha gani, baba? Tangu niingie mnaniimbia tu. Kwetu mgeni hupokewa mzigo kwanza, kasida baadaye. Kuni hizo nimewaletea nyinyi."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa walimkaribisha mgeni, wakakataa kupona.

Sultani Takrima akashuka kitini, akamwomba ruhusa mgeni wa karibu, akalivuta fundo. Halikulegea. Desturi akaja kumsaidia. Likazidi kukaza, na mgeni akawauliza kama wanafungua au wanamnyonga.

"Maulana," akasema Pokea kwa upole, "mngeanza na fundo langu."

Kadhi akapiga magoti mwenyewe kuifungua kamba, na nyuma yake wageni wamekwisha kujipanga, wakisukumana na kutaniana nani atuliwe mzigo mwanzo.