Mishale ya Jogoo wa Wageni

Jumamosi asubuhi, likizo ya Agosti, Kageha alikaa kwenye kigoda nje ya jiko lake, mwendo mfupi kutoka Sigalagala, akitengeneza mishale ya watoto. Fito alizitoa kwenye miwa iliyotoa maua: ule ufito mwembamba unaobeba ua juu kabisa, mnyoofu, mwepesi. Alikuwa amezianika kwenye bati siku nne. Kichwani hakuweka msumari. Aliweka kipande cha gunzi la mahindi, maana mtoto ni mtoto, na jicho halina spea. Mkiani alipasua mahali pa kukaa kamba ya upinde. Kisha manyoya matatu kwa kila mshale, yamepasuliwa katikati kwa wembe, yakabandikwa kwa ulimbo na kufungwa kwa uzi wa katani. Na yote matatu lazima yawe ya bawa moja. Ukichanganya la kulia na la kushoto, mshale unayumba kama mlevi.

Manyoya ya siku hiyo yalikuwa ya jogoo wa madoadoa, aliyefugwa kwa ajili ya wakwe watakaokuja Desemba. Jogoo huyo alipotea Jumanne. Jumatano Kageha aliyakuta manyoya yake nyuma ya jiko la Gentrix, mke wa mwanawe Philip, yamefukiwa jivuni. Alimwita Gentrix, akamshika mkono, akamnusa vidole kimoja kimoja.

"Vitunguu," akasema.

"Nilipika sukuma wiki, Mama. Sijala kuku wako."

"Sukuma wiki hainanga manyoya."

Philip alikuwa hapo hapo akila obusuma, ugali wa kwao, na hakuinua kichwa. Akaitwa Mzee Shikanga, liguru wa kijiji, anayeamua kesi za majirani. Alisikiliza, akajifuta mdomo, akasema kwamba mwanamke aliyekula jogoo wa wageni pamoja na firigisi, na kila mtu anajua firigisi ni ya mwanamume mwenye boma, arudi kwao Lumakanda, asikanyage hapa mpaka alete jogoo mwingine. Alhamisi Gentrix akaondoka, mtoto mchanga mgongoni. Binti yake mkubwa, Wendy, wa miaka tisa, akaachwa kwa nyanya.

Sasa Wendy alisimama hatua kumi kutoka kwenye mgomba, akavuta upinde, akaachilia. Mshale ulikwenda vizuri mpaka karibu na mgomba, ukakata kona ya jiko, ukampita mbuzi, ukaenda kutua tumboni mwa Philip aliyekuwa akipangusa pikipiki yake. Haukumwumiza. Gunzi lilikaa tu juu ya shati, penye kitovu, mkia ukitikisika.

Philip akauchomoa, akautupa chini. Mshale ukainuka, ukarudi palepale. Wendy akarusha wa pili, nao ukakaa kando ya mwenzake.

"Mama, umechanganya mabawa," Philip akasema.

"Nilikuwa natengeneza mishale kabla hujajua kutambaa." Kageha alivaa miwani, akaikagua iliyobaki. Yote ilikuwa ya bawa la kulia. Akamgeukia Wendy. "Mama yako ndiye alikufundisha kulenga hivi?"

"Mama alinifundishanga kuosha sufuria."

Kageha hakuridhika. Alichukua upinde mwenyewe, akalenga mparachichi. Mshale uliruka ua, ukashika barabara. Yeye na Wendy wakaufuata polepole, maana magoti yake hayapendi mteremko, wakaukuta kwa Mzee Shikanga. Mzee alikuwa kwenye kiti chake akisikiliza redio, mshale tumboni.

"Niliuona ukija," akasema. "Nikafikiri unaenda kwa jirani."

"Ulikula sehemu gani ya jogoo wangu?"

"Paja. Philip aliniletea limefungwa kwa gazeti. Sikuuliza. Mtu haulizangi nyama imetoka wapi."

Kageha akarudi nyumbani bila kuaga. Mshale mmoja ulibaki. Alisimama katikati ya uwanja, akamlenga mwanawe waziwazi kifuani, akaachilia. Mshale ulifika nusu ya njia, ukageuka bila haraka, ukaja kukaa kwenye gauni lake mwenyewe, chini kidogo ya mkanda wa leso.

Hapo akakumbuka. Jumanne jioni Philip alimletea firigisi ndani ya jani la mgomba, akasema ni ya matangani. Katika miaka yake sabini na mmoja, Kageha hakuwahi kupewa firigisi. Ililiwa na baba yake, kisha na mume wake, kisha na ndugu wa mume. Aliila nyuma ya mlango, amesimama, kidogo kidogo.

"Ilikuwa tamu?" Wendy akauliza.

"Chumvi ilizidi."

Kwa kuwa mishale ilirudi kila ilipochomolewa, iliachwa. Jumapili walikwenda nayo kanisani, na shemasi akawaketisha mwisho wa benchi ili mikia isiwachome watu. Jumatatu Mzee Shikanga akaita kikao.

"Mishale tumeiona," akasema, mshale wake ukipanda na kushuka kwa pumzi. "Lakini kesi ilishaamuliwa. Tukifungua kesi kila mshale ukiruka, kijiji hiki kitakalika? Mama Philip, una neno?"

Watu wote wakamtazama Kageha. Wendy naye alimtazama, mikono nyuma. Kageha akaunyoosha unyoya mmoja wa mshale wake uliokuwa umepinda.

"Jogoo alikuwa wangu," akasema. "Na lazima arudi."

Baada ya wiki tatu Gentrix alifika, mtoto mgongoni, jogoo mwekundu kwapani.

"Mulembe, Mama."

"Mulembe. Umechelewa."

Gentrix aliuona mshale wa mkwewe, akaiona miwili ya mumewe, akaona na wa Mzee Shikanga, aliyekuja kushuhudia jogoo akipokelewa. Akamkabidhi mkwewe jogoo. Kageha akaupapasa mfupa wa jogoo kifuani, akasema huyu atakonda kabla ya Desemba, heri aliwe leo.

Gentrix akachinja, akanyonyoa, akapika. Paja akampa Mzee Shikanga. Firigisi akaiweka kwenye sahani ya Philip, akaisukuma mishale yake kando kidogo ili sahani ipate nafasi magotini. Kisha akarudi jikoni kupakua mchuzi. Kageha alisogeza kigoda mpaka mlangoni, akakaa akiutazama mwiko, Gentrix asije akaonja.